Kaka yako ukingoni mwa korongo

Wifi yangu Zuhura,

Habari za huko Tanga? Jana tulipanda Kalinzi kutazama korongo. Njia yake ni nyepesi, hata mtoto anaipita, na ukifika ukingoni unaliona ziwa mbali kule chini. Kaka yako, aliyejigamba tangu Ujiji, alichungulia mara moja tu, akalala kifudifudi na kung'ang'ania majani.

Akapita bibi mmoja aliyekimbia vita Burundi, ana kuni kichwani. "Mwanangu, unaumwa?"

"Tumbo, bibi."

Bibi akamshika mkono, akamwongoza taratibu mpaka barabarani. Leo kaka yako anawasimulia watu jinsi alivyomvusha bibi mkimbizi mahali pa hatari!

Akikusimulia, itikia tu. Ucheke akishatoka.

Nimekukumbuka mno,
Mwajuma