Ile Bunduki Iliyostaafu Jeshi

Nau, baba yangu,

Sikuulizi habari za huko, kwa sababu hata ukiwa hai hukuwa mtu wa kujibu. Nikipiga simu kutoka Goma unasema "ndiyo" halafu unampa Mama. Kwa hivyo leo nyamaza kama kawaida yako, na mimi niongee kama kawaida yangu.

Naandika nikiwa Mtito Andei, kwa hoteli ya yule mama wa chapati nene. Trela iko nje, imeoshwa inang'aa, na nikwambie tu ukweli, barabara yote ya Mombasa hakuna dereva wa kunifikia. Mtu aliyeachia shule darasa la saba! Nimefika Kampala, Kigali, Goma, nimeombwa kitu kidogo kwa lugha zote. Lakini mambo ya nyumbani yamenishinda, Nau.

Mama yupo. Amekonda. Bado anatwanga mahindi ya muthokoi kwa mchi ule ule. Nilimletea mpya, wa mti mzuri, akautumia kufungia mlango wa kuku. Mbuzi wamebaki wachache. Ngamia wa wale wafugaji wa Kisomali bado wanakuja. Kiangazi kikianza tu wanashuka kwa silanga, lile bwawa letu, wanakunywa maji mpaka tope, halafu wanaingia shambani kumaliza ndengu. Tunaambiwa tupige ripoti. Tumepiga ripoti mpaka ripoti yenyewe imechoka.

Hasira yangu unajua ilipoanzia. Ni siku ile ya baraza, ninyi polisi wa akiba mlipoambiwa mrudishe bunduki za serikali zikakaguliwe. Uliipanguza yako kwa kipande cha leso ya Mama, ukavaa koti lako la kaki, ukaiweka mezani kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. "Ni ya serikali," uliniambia, "si yangu." Walisema mtapewa nyingine. Tulingoja. Wewe sasa unangojea chini ya udongo.

Halafu ukaanza ujanja wako. Kila jioni unachukua mchi wa Mama, unaufunika na lile koti, unaubeba begani ukizunguka boma. Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Wenye ngamia wakiona koti limenyooka hivi, watapita mbali," ulisema. Na kweli walipita mbali, kiangazi kizima! Nilikuwa nawaambia madereva wenzangu kwamba baba yangu analinda kijiji na chombo cha jikoni. Halafu asubuhi moja, hata chai haijaiva, ngamia wakaingia shambani, ukatoka na koti lako kuwaambia wenyewe wasimame, na wao... Hapa kalamu inanisumbua. Acha nipite.

Basi nikasema nitanunua bunduki yangu. Najua sheria. Ukishikwa nayo ni jela, na si jela ya kutoka haraka. Sikujali. Kuna mzee anauza makaa pale Salama, kando ya barabara. Alikuwa nayo ndani ya gunia, Mark Four ya mbao kama ile yako. "Hii imestaafu jeshi," akasema, "lakini haijachoka." Alitaka bei ya wale maksai wako wawili wa plau. Nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia nimeona bunduki nyingi Kongo kuliko yeye ameona magunia. Nikashika komeo nivute. Likakataa. Nikavuta tena.

"Dereva," akaniambia, "hiyo si gia ya lori." Akalifungua kwa kidole kimoja.

Nikaiweka shavuni. Mbao pale imelika, imeingia ndani kidogo. Shavu la mtu mwingine, sijui nani, sijui alimlenga nani. Na ilinuka wewe, Nau. Yale mafuta yako ya Jumamosi, ukikaa mlangoni unaipanguza na hutaki mtu akuongeleshe. Nikasema naichukua, anipe wiki moja niuze maksai.

Wiki hiyo ndiyo iliniumbua. Unamkumbuka Abdi, yule Msomali anayenunua mbuzi kwetu, aliyekula muthokoi ya Mama akaomba nyingine ya kubeba. Siku ya kukuzika alisimama nje ya ua, kwa sababu watu walimwangalia kama ni yeye. Nilimpata hapa hapa Mtito, nikamsogeza kando, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nina jambo la siri. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Ile bunduki? Kioko, ndugu yangu, nimeambiwa na mtu wa pancha. Na huyu mama wa chapati ameniuliza kama ni kweli."

"Ni hao wawili tu wanajua," nikasema.

"Bado ngamia tu ndio hawajaambiwa."

Halafu akaacha kucheka. Akazungusha kikombe, akazungusha. "Kuna kitu sikukwambia," akasema, "kwa sababu ungenipiga. Nilisikia wale vijana wa ngamia wakiongea sokoni. Walisema yule mzee ana bunduki chini ya koti, tukingoja aiinue atatumaliza. Wallahi, walikuwa wanatetemeka hata wakisimulia. Walimpiga risasi kwa woga."

Nau, walikuamini.

Muda huo wote nimelia kwamba ulikufa kwa kukosa bunduki. Kumbe ulikufa kwa sababu walidhani unayo. Nilitaka kumpiga kweli. Nikamlipia chai yake, nikaenda kukaa kwa gari.

Usifikirie nimeokoka. Kuna saa nasema, ungekuwa na ya kweli ungewawahi. Halafu nasema, ungekuwa umemuua kijana wa mtu, na wenzake wangerudi watumalize sote, Mama na kuku wake. Halafu narudi mwanzo. Naendesha hivyo kutoka hapa mpaka Malaba, kichwa kinazunguka kuliko magurudumu.

Lakini mimi najijua. Wewe mtu wa kunyamaza hivyo, na bado koti lako lilitangaza. Mimi je, na huu mdomo? Kabla mvua ya kwanza haijanyesha, kila mwenye ngamia angejua Kioko ana bunduki kwao. Na anayelala kwetu ni Mama. Mimi niko Goma najisifu. Nikampigia mzee wa makaa simu, nikamwambia sichukui. Maksai wako wapo, wananenepa.

Ningeweza kuishia hapo nionekane mtu wa maana. Haikuishia hapo.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani. Tukitoka kanisani, jirani yetu Nzioka akaniita nyuma ya ghala lake, meno yote nje. Nilikuwa nimemwomba shauri kuhusu ile bunduki, si ni shemasi, mtu wa kufikiria? Kumbe yeye alikuwa anaandika kichwani njia ya kufika kwa mzee wa makaa.

"Wewe uliogopa," akaniambia. "Mimi nimechukua."

Ni ile ile, Nau. Mbao imelika pale pale. Nikamweleza maneno yote ya Abdi, neno kwa neno, na unajua mimi nikieleza mtu anaelewa. Akanijibu, "Mimi si mzee wa kubeba mchi." Shemasi! Kama si mke wake kutokea, ningemtoa hayo meno.

Kutoka kwa hilo ghala mpaka mlango wa Mama ni umbali wa kurusha jiwe. Wenye ngamia wakisikia kuna bunduki upande ule, watajuaje ni mlango gani? Nikimwambia chifu, Nzioka anafungwa, na watoto wake watakuja kula kwangu, na nitawapa, unanijua. Nisipomwambia... sijui. Hilo sijaliweza bado. Nimemwambia Mama nimpeleke kwa dada yake Kilungu, kwenye maji na ndizi na miguu ya watu tu, hakuna ngamia. Alivuta kinu karibu akaendelea kutwanga.

Kwa hivyo nimeacha safari za Goma. Nimemwambia tajiri wangu atafute mtu mwingine. Nitabeba mchanga huko kwetu Kitui kwa kigari kidogo. Mimi, mchanga! Cheka, nimekuruhusu. Lakini kila siku nitalala nyumbani. Wakija, nakuahidi nitatoka mbele ya mtu yeyote, bila koti, hata bila shati, vidole vyote kumi juu, nikipiga kelele kwa Kikamba, kwa Kiswahili, na kwa hicho Kisomali kidogo Abdi amenifundisha cha kuomba chai. Mdomo huu mlishindwa kuufunga, sasa ufanye kazi.

Na Nzioka nimemwambia mbele ya mkewe: ukisikia sauti yangu huko nje, usifungue hilo ghala. Hata ukisikia nini, usifungue.

Akatia ufunguo wa ghala mfukoni.

Lala, Nau. Zamu ni yangu.

Mwanao,
Kioko