Cucu, Mbuzi Wako Anakuita

Ngoingwa, Jumamosi asubuhi

Mpendwa Cucu, nyanya yangu,

Naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo Baba hataki uyasikie.

Tangu uende kwa Shangazi kule Gatongora kuuguza goti, na mbuzi wako Kanini aletwe kwetu kutoka kwako Gatuanyaga, hanyamazi. Jana jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Mama Njeri, huyo mnamchinja polepole ama?" Baba amesema asiponyamaza kufikia Jumatatu, atamwita mtu wa bucha.

Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwamba mnyama ana sababu ya kutoa sauti. Kwa hiyo nilikaa kando ya banda nikasikiliza. Akiwa na njaa, Kanini hulia kwa sauti fupi, mdomo umefungwa. Akiona mbwa, hupiga chafya kali. Lakini huu mlio mrefu, ulimi nje, macho langoni, si njaa wala mbwa.

Ndipo nikakukumbuka jikoni kwako, ukipepeta maharagwe. Kanini alipolia nje, ulimjibu, "Niko hapa, mami!" naye akatulia. Hata katikati ya sala ulimjibu, kisha ukamalizia Amina. Nilipocheka uliniambia, "Akiita asijibiwe, atadhani amebaki peke yake duniani."

Nikajaribu kumjibu kwa kuiga sauti yako. Aliniangalia kama mwalimu mkuu anavyomwangalia aliyechelewa, akaendelea.

Jumapili iliyopita ulipopiga simu, Baba alikuwa uani na wazee wa kanisa, akaongeza sauti ili wakusalimie. Kanini alisikia "Haloo" yako tu, akakata kamba, akamrukia Baba kifuani. Baba aliketi juu ya sinia la nduma zilizochemshwa akiwa na suti yake mpya. Kanini akailamba simu, kimya kabisa. Mzee mmoja akasema, "Bwana asifiwe."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. "Baba Njeri, unamlaumu mbuzi? Na wewe unayempigia mama yako simu Gatongora kila jioni kuuliza kama mvua imenyesha?"

Baba alipangusa suruali. Lakini leo ametoa magunia yote katika chumba cha nyuma, akaingiza kitanda. Anasema ni cha wageni. Wageni gani, hasemi.

Anaona haya kukuomba, basi naomba mimi. Daktari alisema goti limepona. Mama anakuletea barua hii mchana. Mpe jibu arudi nalo: utakuja kuishi nasi, Cucu?

Mjukuu uliyempa jina lako,
Njeri