Matundu Marefu Kwenye Karatasi ya Shabaha

Shamba la Kahawa, Hasamba,
Mbozi.
Tarehe 24 Agosti, 1936.

Mpendwa kaka Kefa,

Nakusalimu kwa salamu za nyumba nzima. Kifua chako kinaendeleaje huko Mufulira? Vumbi la mgodi bado linakusumbua? Sisi hatujambo. Mama amepona mguu, ila unamuuma tena kila akiitwa kuchuma kahawa. Sekela na watoto ni wazima.

Osea wa hapa shambani alivuka mpaka Tunduma juma lililopita kuja huko kwenu, na najua mdomo wake haukai na neno. Kama amekuambia nimefukuzwa kazi kwa uzembe, ni kweli nilifukuzwa. Nakuandikia usikie na yaliyofuata, maana kazi hii niliipata kwa jina lako.

Unaikumbuka mwenyewe: kujaza upya maganda ya risasi za Bwana Miwani, kuweka fataki na baruti, kisha kichwa cha risasi kilichopimwa kwenye ule mzani mdogo. Ulinifundisha nisitie kichwa hata kimoja bila kukipima. Miaka minne sijaacha.

Mwaka huu bwana aliagiza vichwa vizito. Mashindano ya shabaha ya Mbeya huwa Agosti, upepo ukiwa mkali, naye alisema kichwa chepesi husukumwa na upepo zaidi kuliko kizito. Sina ubishi na hilo. Lakini alipojaribu kwa hatua mia mbili, risasi zilitawanyika kama kuku walioona mwewe. Akasema nimepima ovyo, bila shaka nilikuwa nimelewa. Mimi! Tangu nibatizwe sijaonja hata togwa iliyochacha. Hiyo ilikuwa Jumatano. Akanipa hadi Jumamosi niwe nimehama nyumba ya shamba. Sekela akaanza kufunga vyombo bila kuniuliza kitu.

Ijumaa nilikwenda kubandua zile karatasi za shabaha, maana kuziba matundu nako ni kazi yangu. Nikaona mengi si ya duara. Yalikuwa marefu, kama tundu la kifungo. Yaani risasi zilifika zimelala ubavu, hazikutangulia kwa ncha. Ukipima vibaya, risasi itapiga juu au chini, lakini hailali ubavu. Nikachukua karatasi hadi barazani kwa bwana.

“Bwana, naomba upime mwenyewe,” nikamwambia. “Vizito kumi, na vile vyepesi vya zamani kumi. Mimi sitagusa mzani.”

Akakubali, nadhani kwa kutaka kunikomesha. Vyepesi vilitoboa duara safi, matundu yote kumi ungeyafunika kwa kisahani. Vizito, alivyovipima kwa mkono wake, vikalala ubavu vilevile. Kumbe kichwa kizito ni kirefu, na mifereji iliyo ndani ya mtutu wa bunduki ile haikizungushi vya kutosha, hivyo kinapepesuka njiani. Kwenye bunduki nyingine kingefaa. Hayo alinieleza bwana mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeyajua siku zote.

Alikwenda Mbeya na vyepesi, akawa wa pili. Pole hakusema. Aliniambia tu niwahi kazini Jumatatu. Sekela amefungua vyombo, ananuna kwa kuwa sufuria moja imebonyea.

Sasa kaka, liko jambo sijamwambia mtu. Kutoka Jumatano hadi Ijumaa, kabla sijaona yale matundu, niliamini kwamba nimekosea. Nilikaa nikiitafuta siku niliyopima vibaya, na nikaipata. Nikauona hata mkono wangu ukiteleza. Kumbe siku hiyo haikuwapo kabisa. Miaka minne ya kupima sawasawa, na neno moja la bwana lilitosha. Nimeumia, sikufichi. Bwana nilimsamehe upesi. Nafsi yangu bado. Uniandikie kama na wewe jambo kama hili liliwahi kukupata katika kazi hii.

Nisalimie shemeji Teresia na binamu yetu Boazi. Mama anakuombea kila jioni. Mungu akushushe mgodini na akupandishe salama, siku zote.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Hezron