Chatu wa Nafula na Baridi ya Julai

Jumamosi, Kitengela. Mawingu tangu asubuhi, upepo unapita chini ya mlango, na stima imepotea.

Niandike haraka kabla simu haijazima.

Kesho ni siku ya kuwatembelea wanafunzi. Binti yangu Nafula, aliyeanza shule ya bweni mwaka huu, atanikumbatia, atachungulia kama nimebeba kuku, kisha swali lake la kwanza litakuwa, "Mandazi yuko aje?" Mandazi ni chatu wake, wale wadogo wanaojikunja wakawa mviringo. Kibali kina jina langu, lakini nyoka ni wake. Shuleni hawaruhusiwi simu, kwa hiyo yeye hajui yanayoendelea hapa, na mimi sina wa kumuuliza.

Mimi naogopa nyoka. Wacha niseme wazi, maana hapa mtandaoni hakuna anayenijua. Kwetu Bungoma nyoka akionekana, wengine walikimbilia jembe, mimi nilikimbilia juu ya meza. Kabla ya kuondoka Nafula alinielekeza vizuri: upande mmoja wa sanduku la kioo uwe na joto la digrii thelathini na mbili hivi, ule mwingine upoe kidogo, na unyevu wa hewa usishuke chini ya hamsini. Halafu akasema, "Baba, siku moja umshike tu. Hata kidogo."

Nikamjibu tutaona.

Sikumshika. Na hapo ndipo nilipoharibu. Baridi ilipoanza niliweka balbu kali zaidi, joto likapanda, nikajipongeza. Kumbe balbu ilikuwa inakausha hewa. Dawa ilikuwa kufungua sanduku na kumwekea kibakuli chenye taulo lililolowa. Mimi nikawa napulizia maji kwenye upenyo wa kifuniko, mkono nimeunyoosha kama mtu anayelisha mbwa mkali. Maji yote yaliishia kwenye kioo. Sasa macho ya Mandazi yamekuwa meupe. Anakaribia kujivua ngozi, na hewa ikiwa kavu ngozi ya zamani hung'ang'ania, hasa machoni. Nimesoma habari za nyoka waliopata shida hiyo mpaka nikaamua kuacha kusoma.

Leo ndipo stima nayo ikaamua kwenda. Baada ya chakula cha mchana kipimo kilikuwa digrii ishirini na tatu, na kinazidi kushuka. Nyoka hawezi kujipasha joto mwenyewe. Akipoa sana anaugua mapafu, anaanza kutoa povu puani. Nikachemsha maji, nikajaza chupa, nikazivalisha soksi zangu, nikainua kifuniko nusu na kuzitumbukiza ndani ya sanduku. Zikapoa. Sufuria ya pili ilikuwa haijachemka gesi ikaisha. Jiko la makaa ndani ya nyumba sithubutu, ule moshi unaua watu wazima. Mke wangu yuko kanisani kwa maombi ya akina mama, na hata angekuwepo singemwomba msaada. Alishasema siku nyoka akitoka kwenye sanduku, yeye atatoka kwenye nyumba.

Nikaenda kwa jirani, Mama Saitoti, kuomba maji moto. Alikuwa anawafunika vifaranga wake gunia.

"Sopa, Baba Nafula!" alinisalimia kwa Kimaasai. "Mbona uso iko hivyo?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kifaranga ikishikwa na baridi si tunaiweka tu hapa kifuani? Weka hiyo nyoka yako kwa sweta!"

Kisha akafunga mlango haraka bila kunipa maji, nadhani aliogopa nisije nikamletea Mandazi.

Nilirudi nimekasirika. Nikaketi mbele ya sanduku. Ishirini na moja. Mandazi hakuwa amesogea tangu nitoke.

Nikafungua kifuniko chote.

Alikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi, na mzito kuliko nilivyodhani. Hakujivuta wala hakutoa mlio wa hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Nikamwingiza chini ya sweta, juu ya fulana, huku nikimtaja Mungu kwa sauti. Jasho la woga lilikuwa limenilowesha mgongo na kifua, kwa hiyo joto na unyevu vyote viwili alivipata mahali pamoja.

Naandika kwa kidole gumba kimoja. Amejikunja chini ya mbavu zangu za kushoto, na moyo unanidunda hapo hapo juu yake. Kila baada ya muda navuta ukosi wa sweta nimtazame pua. Sioni povu. Lakini mimi ni nani wa kujua?

Stima imerudi. Balbu imewaka, friji inanguruma. Sanduku litachukua muda kupata joto, kwa hiyo sijainuka.

Muda mfupi uliopita amesogea. Ametambaa polepole mpaka kwapani, akatulia. Sikupiga kelele. Nilifurahi karibu nilie.

Ee Mungu, kuche akiwa mzima. Kesho Nafula akiniuliza Mandazi yuko aje, nataka nimjibu kama mtu aliyemshika.

Nasikia geti. Mke wangu amefika, na siwezi kusimama bila kumwamsha Mandazi.