Siku Niliyoacha Foleni

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

U hali gani, na ile miguu yako ikoje? Bado inavimba jioni au imekubali dawa? Mimi nipo. Mgongo unalalamika, lakini ukipiga pasi kwa dobi miaka ishirini na miwili, ukistaafu mgongo nao hupata nafasi ya kusema. Binti yangu hajambo, ila tunaonana kama walinzi wa zamu: mimi naamka, yeye ameshatoka kwenda hospitalini kuhudumia wagonjwa wa watu. Wajukuu zako ni wazima. Mkubwa ana miaka tisa, na kwa ubishi wake tumemwita Wakili. Mdogo ana mitano. Huyo ni Nukta, kwa kuwa mama yake alipojifungua alisema sentensi imekwisha.

Sasa habari yenyewe. Ofisi ya hati za wageni imeniandikia. Tarehe 19, saa tatu na nusu asubuhi, nifike mimi mwenyewe, nichukuliwe alama za vidole na kutia sahihi mbele ya karani. Wiki sita baada ya hapo nitapewa hati ya kusafiria. Miaka miwili nimeingoja barua hiyo. Mwezi wa nne, Mungu akipenda, nitabisha hodi kwako kabla hujalazwa.

Najua utasema ningepiga simu. Tulijaribu mwaka juzi, tukaishia kusikilizana tukipumua. Barua inatufaa zaidi.

Kaka yako


Tarehe 12 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua imefika, imekunjwa pembe kwa pembe kama shati la bwana harusi. Nimeisoma mara mbili nikitafuta kosa, sikuona hata koma iliyopotea. Kweli kiwanda cha uchapaji cha huku nyumbani kilikosa msahihishaji ulipoondoka.

Miguu ni ile ile. Daktari anasema moyo wangu umepanuka. Nikamwambia, daktari, mawifi zangu wakisikia watacheka, maana wao siku zote walisema ninao mdogo kama punje. Hakucheka. Upasuaji ni mwezi wa tano, na amenieleza bila kuzunguka kwamba wapo wanaoingia wasitoke. Kwa hiyo uje kabla, si baada. Sikutishi, nakupangia ratiba.

Cherehani nimeiachia wanafunzi wangu. Nikikanyaga dakika tano tu, pumzi inakata.

Siku hiyo nenda mapema. Vaa soksi mbili. Na ukiitwa itika kwa sauti, usijibu kama mtu anayezungumza na kitabu.

Mdogo wako


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini uko salama, na umekaa. Mimi siumwi, nimechoka tu. Uchovu wa jana bado haujanitoka miguuni. Hati sikupata. Nakuambia mapema ili usiisome barua hii kwa matumaini.

Ilikuwa hivi. Asubuhi niliwapeleka watoto shuleni kama kawaida. Tukakuta lango limefungwa na karatasi imebandikwa: bomba limepasuka, madarasa yamejaa maji, shule hakuna leo. Wazazi wengine walipiga simu mbili tatu wakatawanyika. Nami nikampigia binti yangu, lakini akiwa kazini simu yake hukaa kabatini. Nikabaki pale na watoto wawili, mikoba miwili na miadi yangu ya saa tatu na nusu.

"Babu, kwa hiyo leo tunatembea mjini?" akauliza Wakili.

"Leo tunakwenda ofisini."

"Ofisi iko mjini. Kwa hiyo tunatembea mjini."

Tukapanda basi.

Nilipewa namba mia mbili na kumi na mbili. Tulikaa katika ukumbi wa chini, viti vya plastiki vimepigiliwa sakafuni kana kwamba kuna mtu angetaka kuviiba. Nukta alikwenda chooni mara nne. Wakili alisoma matangazo yote ukutani akamwambia mama mmoja kwamba fomu yake ameishika kichwa chini. Saa sita kasoro dakika tano nikaitwa, nikaitika kwa sauti kama ulivyoniagiza.

Penye ngazi mlinzi akanizuia. Mtu wa makamo, mwenye kitambi na sauti ya upole. "Mzee, watoto mwisho hapa. Juu hawaruhusiwi."

"Sina wa kumwachia."

"Si mimi nipo? Wakae kwenye benchi hili. Dakika kumi tu, unashuka. Kila mtu hufanya hivyo."

Mtu mwema kabisa. Nikawakalisha. Nikainama nikamfunga Nukta kifungo cha koti, nikaanza kusema: "Kaeni hapa, Babu anakuja sasa—"

Sikuweza kumaliza.

Mdogo wangu, unajua nilishayasema wapi maneno hayo. Tangu barua zitukutanishe tena, kila mara tunaandika "siku tulipopotezana", kana kwamba sote wawili tulifanya jambo moja. Sijawahi kukuandikia ilivyokuwa. Kituo cha malori, wewe umekaa juu ya mzigo wetu, una miaka kumi na tisa, midomo imekupasuka kwa kiu. Nikakuambia, kaa hapa, nakuja sasa hivi, nakwenda kutafuta maji. Bombani nilifika. Mara milio ya risasi, watu wakakimbia, nikasukumwa, nikajikuta juu ya lori lililokuwa likiondoka kuelekea upande wa pili. Hapo ndipo huwa namalizia hadithi nikijisimulia mwenyewe: nilisukumwa. Lakini lori lile lilikwenda taratibu mpaka kwenye kona. Mtoto angeweza kuruka. Mimi sikuruka. Niliogopa. Sikurudi.

Miaka thelathini na mitatu, na ni jana tu, mbele ya mlinzi mwenye kitambi, ndipo miguu yangu ilipokataa kwenda. Namba yangu ilisomwa mara tatu. Karani akashuka, akanitazama, akatazama watoto. "Mzee, huna mtu kabisa?" Nikasema sina. Akarudi na karatasi yenye tarehe mpya. Aprili, ya mwakani. Miezi kumi na minne.

Nje, Nukta akaniuliza, "Babu, tumeshinda?"

Sikutaka kurudi nyumbani na uso ule. Tukatembea. Kwenye duka kubwa la ghorofa tatu tukapanda ngazi za umeme na kushuka, mara saba, bure. Nukta alinishika kidole kimoja, akaruka kila ngazi ilipomezwa chini ya sakafu. Ghorofa ya juu wanauza vitanda. Vimetandikwa, na taa pembeni, kama vyumba ambavyo wenyewe wametoka kidogo. Wakili akasema si kosa kukaa, imeandikwa "Karibu ujaribu". Tukajaribu, watatu kitanda kimoja, mimi katikati.

Nikalala. Naona aibu kukuandikia. Mtu aliyepoteza hati yake kwa kuogopa kuwaacha watoto dakika kumi alilala fofofo dukani, mchana kweupe. Nilipofumbua macho, Nukta alikuwa amelala begani kwangu, na Wakili ameketi miguuni amenishika kiatu.

"Nilikushika," akasema, "usije ukaondoka."

Muuzaji, kijana wa kike mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuwa amesimama kando. "Mzee, kitanda kimekukubali. Nikufungie?" Nikamwambia nyumba yetu haina mlango wa kukipitisha. Akacheka, akatuacha dakika tano zaidi.

Binti yangu aliporudi alikaa chini na sare yake, hata viatu hakuvua. "Baba, kwa nini hukuwaacha kwa mlinzi? Miaka miwili, Baba! Kwa sababu ya wanangu!" Akalia. Sikumweleza sababu. Nimekueleza wewe.

Nisamehe kwa hati. Lile jingine sijui linaombewaje msamaha.

Kaka yako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Huu ndio mwezi nilioahidi kubisha hodi, na badala yangu inakuja karatasi tena.

Wiki ya sita hii, hujajibu. Kila siku nashuka kutazama kisanduku cha barua, mpaka mwenye duka la chini ananiuliza kama nimefungua biashara. Kama unaumwa, mwambie mwanafunzi wako mmoja aandike mstari. Kama umekasirika, andika wewe mwenyewe. Mwandiko wa matusi yako naujua, nitayasoma bila kusahihisha.

Binti yangu bado anatembea ndani ya nyumba kama mtu aliyevunja kitu cha wenyewe.

Kaka yako


Tarehe 9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Naumwa, na pia nilikasirika. Umeuliza kimoja au kingine, ni vyote.

Barua yako niliipata mapema mwezi wa tatu. Ya foleni sikuhangaika nayo. Nilipofika pale ulipoandika "sikurudi", niliiweka chini nikaenda kukaa nje. Sasa na mimi nikuambie usilolijua.

Sikukaa pale. Ulipotoweka tu machoni nilishikwa na woga, nikainuka nikakufuata, nikapotea nyuma ya maghala. Milio ilipotulia nilirudi. Mzigo ulikuwa umeibwa na hapakuwa na mtu. Nikasema basi, kaka amerudi na maji, hakunikuta, sasa anazunguka kunitafuta, na kama amekufa, amekufa kwa ukaidi wangu. Hata barua yako ya kwanza ilipokuja, nikajua u mzima, nilibaki na hilo: alirudi, hakunikuta. Ndiyo maana sikukuuliza kamwe. Niliogopa utaniuliza wewe kwanza.

Kumbe hukurudi! Miaka thelathini na mitatu najilaumu kwa kuacha mahali ambapo hakuna aliyekuja.

Nilikasirika siku tisa. Nilimgombeza hata paka wa jirani. Siku ya kumi nililala mpaka jua likanipiga usoni, jambo ambalo halijanitokea tangu usichana. Sijui kama huko ndiko kusamehe. Ni kama kuvua kiatu kilichobana: raha huioni kwanza, unaona vidonda. Ningekujibu wiki ile ile, lakini kifua kilinibana nikalazwa, na mkono ulikuwa umechomwa sindano kila penye mshipa.

Watoto ulifanya vyema kutowaacha. Nisingetaka unifikie kwa njia hiyo. Lakini mwambie binti yako sababu, leo hii, kabla hajavua hiyo sare. Katika ukoo huu ameshapatikana mmoja wa kujilaumu bure, anatosha.

Huyo Wakili mnunulie daftari. Mtu anayejua kushika kiatu cha mtu aliyelala anastahili kuandika barua. Na wewe siku nyingine ukitaka kulala, lala nyumbani kwako.

Keshokutwa naingia chumba cha upasuaji. Kwenye fomu walitaka sahihi ya ndugu. Nimetia yangu, nikawaambia ndugu yupo ila yuko kwenye foleni. Daktari safari hii alicheka. Kama wiki moja ikipita hujapata neno, usihesabu siku. Mikono huchelewa kupata nguvu ya kushika kalamu, na pengine isipate.

Ile tarehe ya Aprili usiifute. Nenda, na mtu abaki na watoto. Ila usiniahidi mwezi, ahadi zako zina lori ndani yake. Njoo tu. Nikiwepo nitakufungulia. Nisipokuwepo, ufunguo uko kwa fundi viatu, kibanda cha pili kutoka kwangu. Mwambie wewe ni kaka yangu. Nimeshamweleza kwamba utachelewa.

Mdogo wako