Picha Niliyoikata

Alhamisi, Kitale. Mvua ilianza saa nane mchana, imekatika sasa hivi, na nguo nilizoanika asubuhi zimelowa zote. Acha zilowe. Sina nguvu za kuzianua.

Wanaokuja hapa kusoma habari za maua yangu na sukuma wiki mnisamehe. Leo nina hasira, na mtu niliyemkasirikia ndiye anayeandika.

Mimi ni mpiga picha za eksirei katika kliniki moja hapa mjini. Wagonjwa huniita daktari na mimi huwaacha waniite hivyo, maana jina ni tamu. Kwa miaka kumi na mmoja nimejulikana kwa jambo moja: picha zangu ni safi. Ukiomba kifua, utapata kifua. Hutaona shingo wala tumbo wala vidole vya mama aliyemshika mtoto. Nikishapiga, nakaa kwenye kompyuta, navuta zile kingo nyeusi pande zote nne, nakata kila kisichoombwa, halafu ndipo namtumia daktari wa kusoma picha. Aliwahi kunisifu mbele ya wenzangu, na tangu hapo nikawa nakata kwa bidii zaidi.

Kubana miale kabla ya kupiga, iangukie kifua tu, humkinga mtoto. Hilo ni jema, na ndilo tulilofundishwa chuoni. Kukata baada ya kupiga hakumkingi yeyote, kwa sababu miale imeshampita. Ni urembo tu. Nimelijua hilo siku zote, na nikaendelea kukata.

Miezi minne iliyopita, wakati wa kiangazi, mama mmoja wa Naitiri aliniletea binti yake wa miaka minne, Nekesa. Mtoto alikuwa na kikohozi na homa, na karatasi ya daktari ilisema kifua. Nilipomvua blauzi, mama yake aligusa tumbo la mtoto upande wa kushoto akaniambia, "Daktari, na hili tumbo? Si uangalie pia, naona kama limekaa vibaya."

Nikamjibu, "Mama, hapa imeandikwa kifua."

Ndivyo nilivyomjibu. Sikuwa mkali hata, nilikuwa natabasamu. Nilipiga, nikakata, nikatuma. Majibu yakarudi kwamba ni nimonia, mtoto akapewa dawa, kikohozi kikaisha. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa.

Leo asubuhi wamerudi. Safari hii walikuwa watatu: Nekesa, mama yake, na Kukhu, yaani nyanya yake, mama mzaa baba. Nekesa amekonda mikono na miguu, tumbo limesimama. Wiki iliyopita alikojoa damu, wakamkimbiza Bungoma, na huko wakampima kwa ile mashine ya kupimia wajawazito. Wakaona uvimbe mkubwa kwenye figo la kushoto. Sasa anapelekwa Eldoret, lakini daktari wa Bungoma alitaka kwanza picha mpya ya kifua ilinganishwe na ile ya zamani. Na ya zamani iko kwetu, kwenye mashine yangu.

Nilipokuwa nawaandikisha, Nekesa alimnyooshea Kukhu mikono abebwe. Kukhu akarudi nyuma. Alivuta leso, akaificha mikono yake yote miwili ndani, akamwambia mtoto kwa Kibukusu aende kwa mama yake. Nekesa akalia. Mama mtu hata hakumwangalia yule mzee.

Nilipiga picha. Mapafu yote mawili yana madoa meupe ya mviringo, makubwa kama punje za maharagwe. Sihitaji kuwa daktari kujua maana yake. Uvimbe wa figo umetuma watoto wake juu.

Kisha nikafungua ile ya zamani. Kifua kile kilikuwa hakina madoa, nimonia tu upande wa kulia. Picha safi kabisa. Ilikuwa safi mno, na ndipo nikakumbuka kwamba mashine yetu haifuti kitu, inaficha tu. Nikashika ukingo mweusi wa chini, nikaushusha.

Uvimbe ulikuwepo.

Hewa ya utumbo ilikuwa imesukumwa yote upande wa kulia, na kushoto palikuwa na kijivu kitupu, kikubwa kushinda ngumi yangu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza swali. Daktari wa kusoma picha angeuliza pia, lakini hakuuona, kwa sababu nilimfichia.

Nilimwita mama yake Nekesa ndani, tukamwacha mtoto na Kukhu kwenye benchi nje. Nilitaka kumuuliza mambo mawili matatu kabla ya kumwambia, labda nilikuwa nachelewesha tu. Ndipo nikasikia lililobaki. Siku ile walipotoka kwangu, alifika nyumbani akawaambia watu kwamba hospitali imempiga mtoto picha na haikuona ubaya wowote. Kwa hiyo tumbo likawa si la hospitali. Likawa la nyumbani. Na kwao tumbo la mtoto la nyumbani ni kazi ya nyanya. Kukhu akaanza kumkanda, kila jioni, kwa mafuta ya vuguvugu, kwa mikono ileile iliyokanda watoto wake tisa. Alikanda kwa upendo na kwa nguvu. Uvimbe wa namna hii haufai kukandwa wala kubonyezwa, unaweza kupasuka.

Kule Bungoma mhudumu mmoja aliuliza kwa sauti nani amekuwa akilibonyeza tumbo hili. Kukhu akasema ni yeye. Akafokewa mbele ya foleni nzima, akaambiwa ameua mtoto.

Basi nikamwonyesha mama mtu picha zote mbili. Nikamwonyesha mahali nilipokata. Nikamwambia ugonjwa ulikuwa umeshakaa hapo kabla Kukhu hajapasha mafuta, na kwamba mimi ndiye niliyeufunika. Sikutumia maneno ya kitaalamu. Nilitamani kuyatumia.

Aliweka kidole pale nilipokata. Kisha akauliza, "Ungeonyesha siku hiyo, haingefika kwa mapafu?"

Nikasema sijui.

Ni kweli sijui. Daktari wa kusoma picha aliniambia leo kwa simu kwamba hata ukishafika mapafuni, uvimbe huu kwa watoto mara nyingi hutibika, ila dawa huwa kali zaidi na safari huwa ndefu. Nilimweleza hivyo. Lakini nilipotamka "sijui" nilijisikia nikijificha nyuma ya neno hilo, na nadhani naye alinisikia.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alijifunga leso upya akasema, "Mimi nilimwita Kukhu mchawi. Mbele ya watu. Hiyo neno sasa utarudisha wewe, si mimi."

Nilitoka hadi kwenye benchi. Niliapa kwamba nitalisema. Kukhu aliinua uso akanisalimu kwa heshima yote, huku mikono ikiwa bado ndani ya leso, na mimi nikamuuliza kama amekula. Hicho ndicho kilichonitoka mdomoni. Baadaye mama na mtoto wakaenda zao Eldoret, na mzee akarudishwa Naitiri peke yake, kwenye boma ambalo watu wake wanamwona muuaji. Nilimtazama akiondoka mpaka akakunja kona.

Mkubwa wangu nilimwambia mchana. Akafunga mlango, akanishauri nisiandike chochote. Karatasi ilisema kifua, akasema, na wewe ulitoa kifua. Yuko sahihi. Tuko sahihi sote. Aliyeandika karatasi, aliyesoma picha, mimi niliyepiga, kila mmoja wetu ukimfuata kwenye faili utamkuta amefanya kazi yake sawasawa. Mkosaji ni mmoja tu, bibi kizee asiye na faili.

Niliandika hata hivyo. Nimetuma picha nzima Eldoret, isiyokatwa, na maelezo chini yake yenye jina langu. Wakitaka kunifukuza wanifukuze. Kuanzia leo sikati tena, na kama daktari ataona vidole vya mama kwenye picha, avione.

Lakini hayo ni mambo ya karatasi, na karatasi siziogopi.

Jumamosi nakwenda Naitiri. Nitaibeba ile picha, nitaomba watu wa boma waitwe wote, wale waliosikia akiitwa mchawi, na nitasema mbele yao kwamba ni mimi. Nimekwisha kuyapanga maneno. Nimeyasema jikoni kwa sauti mara tatu.

Matusi nitayavumilia. Wakinifukuza kwa fimbo nitakimbia kama mtu mwingine yeyote. Kitu ninachokiogopa ni kingine. Nawajua wazee wa kule. Kabla sijafungua mdomo, Kukhu atakuwa ameniona mlangoni, atasema ati daktari mwenyewe ametoka Kitale kuja kumwona, na kwa mikono ileile atashika kuku anichinjie.

Nitamla vipi?