Fungu la Shahidi

Pune, Jumapili asubuhi

Papa yangu mupendwa,

Amahoro, Papa, wewe na Mama. Mgongo wake umepoa, au bado unamsumbua akiinama? Mimi niko mzima. Chakula cha Wahindi huku kina pilipili ya kutoa machozi, lakini nimezoea. Ninachokosa ni mawese ya kwetu Kizuka.

Nataka nikueleze kilichonipata darasani. Mwalimu wetu wa historia ya sheria, mama mzee mwenye mwili mdogo, aliingia na chungu chenye tundu chini. Akakijaza maji, akamwambia mwenzangu, "Haya, jitetee." Maji yakaanza kutiririka. Yalipokwisha akamkatiza: "Basi. Sasa mpinzani wako, kipimo kile kile." Ndivyo walivyosikiliza kesi Wagiriki wa kale kule Athene, akasema. Na waamuzi walikuwa raia wa kawaida, mamia, waliochaguliwa kwa kura ya bahati asubuhi ile ile, hata usijue umhonge nani. Nilishangaa mpaka nikasahau kuandika.

Nikauliza, "Na mjane je?"

"Mjane alisemewa na mwanamume wa ukoo wake."

"Na kama hana?"

Mwalimu akakiweka chungu kando, akafungua kitabu kingine.

Kisha akasoma sheria za kale za Kihindi, kwa Kisanskriti, kama anayeimba, halafu akatufasiria. Hukumu ikipotoka, dhambi yake hugawanywa mafungu manne: moja la mkosaji, moja la shahidi, moja la waamuzi, moja la mfalme. Watu waliokufa zamani kiasi hicho, wasioijua hata Rumonge yetu, walikuwa wananisema mimi.

Papa, sikumuona Babu akinunua lile shamba la michikichi la Mama Veneranda. Uliniambia niseme nilimuona, nikaapa mbele ya wazee waamuzi wa kilima chetu. Mama huyo alikuwa amerudi juzi tu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, hana mume wala kaka. Walimwambia afupishe maneno. Mimi waliniacha niseme nitakavyo, nikasema vizuri, shamba likabaki letu, nawe ukanishika bega: "Huyu mutoto atakuwa avoka." Ndiyo maana niko huku nasomea uwakili.

Wiki iliyopita niliandika ukweli wote nikautuma tribinali, na nakala kwa Mama Veneranda. Binti yake alinipigia simu.

"Mama nimemusomea mara mbili," akasema. "Amekwenda kusimama kule shambani."

Juzi karani wa mahakama alinithibitishia: kesi itasikilizwa upya. Watakuita. Sikukuomba ruhusa, Papa, kwa sababu ungenikataza, nami ningekutii. Nakuomba usitafute shahidi mwingine.

Nisalimie dada yangu mkubwa na watoto wake, na Shangazi anayeuza samaki wa ndagala kule Gitaza. Mama hajui kusoma, na najua ataulizia barua hii. Msomee wewe mwenyewe, Papa. Yote.

Mwanao anayekuheshimu hata sasa,
Égide